Fidia (ya funga)

fidia nm [i-/zi-] 1. chakula anachopewa maskini na Mwislamu aliyeshindwa kufunga Ramadhani, au aliyechelewesha kulipa funga, kwa kiasi maalumu kwa kila siku. 2. malipo anayopewa mtu kwa hasara aliyoipata: *fidia ya ardhi, fidia ya ajali.* 3. (la zamani) mali itolewayo kumkomboa mateka au mtumwa, au kuiokoa roho ya mtu.
fidia kt [ele] 1. lipa hasara ya mtu. 2. rudisha kilichopungua: *kufidia muda uliopotea.* Mnyambuliko: *fidiwa, fidiana, fidika.*
Asili: Kiarabu *fidya*, kutokana na kitenzi *fadā*, komboa kwa kutoa badali.

Maana hizi tatu hukutana mahali pengi, lakini ni pachache zinakogongana waziwazi kama katika pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia Mikindani na Mtwara hadi Msimbati na Kilambo, penye kivuko cha kuvukia Mto Ruvuma kwenda Msumbiji. Mwenyeji wa huko aliposikia neno *fidia* katika miaka ya karibuni, aghalabu alifikiria kwanza fedha za ardhi na miti. Gesi iligunduliwa katika Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na bomba linaloipeleka Dar es Salaam kutoka Madimba, lenye urefu unaozidi kilomita 500, lilizinduliwa mwaka 2015. Mambo kama hayo hayaendi bila watu kuhesabiwa mikorosho na minazi yao. Halafu mwezi wa Shaabani unapoingia, neno hilohilo linasikika msikitini, na safari hii anayetakiwa kutoa ni bibi kizee asiyemchukulia mtu chochote.

Makala haya yanahusu maana ya kwanza. Maana ya pili na ya tatu zinaguswa pale tu zinapoipotosha au kuifafanua ile ya kwanza.

Nani humpa nani

Katika sheria za nchi, anayelipa fidia ni aliyetwaa au aliyedhuru, na anayelipwa ni aliyepoteza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humlipa aliyeumia kazini. Mwelekeo wa malipo umo ndani ya neno lenyewe: yanakwenda kwa mwenye hasara.

Fidia ya funga haina mwenye hasara. Maskini anayepokea kibaba cha mchele hakupungukiwa kitu kwa sababu mzee fulani wa jirani hakufunga. Hapa ndipo maana ya tatu, ambayo wengi huidhani imekufa, inapotuokoa. Katika kamusi za karne ya 19 tunakuta kitenzi *fidi* chenye maana ya kukomboa, na *fidia* ikiwa ni mali ya ukombozi. Mikindani ilikuwa bandari ya pembe na watumwa, kwa hiyo maana hiyo haikuwa ya vitabuni tu. Atoaye fidia anajikomboa yeye mwenyewe kutoka katika wajibu ulio shingoni mwake, na maskini ni mpokeaji aliyeteuliwa na sheria ya dini. Mfasiri akiishika picha ya ukombozi, sentensi zake zitakaa sawa. Akiishika picha ya mahakama, atajikuta akiandika kwamba mgonjwa "anamfidia maskini", jambo lisilo na maana, kwani maskini hakukosewa.

Kwa mintarafu hiyo, andika *kutoa fidia ya siku tano* au *kumpa maskini fidia*, usiandike *kumfidia maskini*. Kihusishi *ya* hutaja kinachokombolewa (*fidia ya funga*), na *kwa* hutaja anayepokea (*fidia kwa maskini*). Katika maana ya kisheria *kwa* hutaja pia sababu (*fidia kwa kifo cha mumewe*), nayo ikiingizwa katika maana ya kidini huleta mkanganyo usio wa lazima.

Wakristo nao wanalo neno hili. Tafsiri ya Biblia ya Union Version inalitumia *fidia* katika Mathayo 20:28 na Marko 10:45, kwa maana ileile ya ukombozi. Mwalimu anayefundisha darasa lenye wanafunzi wa dini zote mbili anaweza kuanzia hapo, maana maana ya tatu ni yao wote.

Kufidia, kulipa, kutoa

Hili ndilo lenye madhara makubwa zaidi, na ndilo linaloulizwa zaidi na wafasiri.

Katika mazungumzo ya kila siku watu husema *nitafidia siku zangu baada ya Idi*. Msemaji anakusudia kwamba atafunga siku nyingine badala ya zile alizokula. Kiswahili chake si kibaya: *kufidia* kwa maana ya kurudisha kilichopungua ni matumizi halali, kama tunavyosema mwalimu amefidia vipindi alivyokosa. Lakini katika fiqhi kufunga siku nyingine kunaitwa *kadha*, na *fidia* ni chakula. Kwa hiyo kitenzi kimoja kinabeba amri mbili zinazopingana: *funga tena* na *usifunge, lisha*.

Tuchukue karatasi ya ushauri kwa wagonjwa wa kisukari iliyofasiriwa kwa haraka, yenye sentensi: *Mgonjwa asiyeweza kufunga afidie siku hizo.* Bibi wa Kilambo anayechoma sindano ya insulini anasomewa na mjukuu wake. Akielewa kwamba lazima azifunge siku hizo mwezi wa Shawali, atajitia katika hatari ileile aliyoruhusiwa kuiepuka. Kinyume chake, kijana aliyelazwa siku nne kwa malaria akapona kabisa, akielewa kwamba anatakiwa kutoa vibaba vinne tu, atabaki na deni la siku nne ambazo angeweza kuzifunga bila shida. Sentensi moja imewakosea wote wawili, mmoja mwili wake na mwingine dini yake.

Pendekezo letu ni hili. Katika maandishi ya dini na ya afya, epuka kabisa kitenzi *-fidia*. Kwa kufunga tena tumia *kulipa funga* au *kulipa kadha*, na kwa kulisha tumia *kutoa fidia*. *Kulipa* kunaendana na deni, na siku iliyoliwa na mtu mwenye uwezo wa kuifunga baadaye ni deni kweli. Kiswahili cha pwani husema *anadaiwa siku saba*. *Kutoa* kunakaa pamoja na *zaka, sadaka, fitri*, jamaa ya karibu ya fidia. Wapo wanaosema *kulipa fidia* hata kwa funga, na hatuwezi kuwaita wakosaji, ila wanampunguzia msomaji alama moja ya kumwongoza.

Mfano wa mazungumzo:

— *Shikamoo bibi. Mwaka huu umefunga?*
— *Marahaba mjukuu wangu. Nakula. Daktari kanizuia, nami natoa fidia.*
— *Na mama?*
— *Mama yako atalipa. Yeye kala siku zake za kawaida tu.*

*Kula* na *kala* hapa zina maana ya kutofunga, na mzungumzaji yeyote wa pwani huzielewa bila kutajiwa Ramadhani. Mama anayetajwa amekula kwa sababu ya hedhi. Yeye hulipa funga tu, wala hana fidia asipochelewesha.

Angalizo la tahajia: *kadha* (kulipa ibada iliyopita) na *kadhaa* (idadi isiyotajwa) ni maneno mawili. *Anadaiwa siku kadhaa* ni siku chache zisizotajwa idadi. *Anadaiwa siku za kadha* ni siku za kulipa funga. Waandishi wengine huandika *qadhaa* ili kukwepa mgongano. Katika kitabu cha fiqhi inavumilika, lakini katika Kiswahili sanifu *kadha* inatosha, mradi sentensi iwe wazi.

Aya na kitenzi chake

Msingi wa fidia ya funga ni aya ya 184 ya Surat al-Baqara, inayotaja fidia kuwa ni kumlisha maskini. Tatizo la mfasiri halimo katika neno *fidya*, kwani Kiswahili kinalo tayari, bali katika kitenzi kinachowataja watoaji: *yutīqūnahu*. Kwa maana ya juujuu ni "wanaoiweza". Inakuwaje anayeiweza funga ndiye alishe?

Masahaba wenyewe walitofautiana. Kwa mapokezi ya Salama bin al-Akwa, mwanzoni watu walikuwa na hiari, atakaye afunge na atakaye alishe, kisha aya inayofuata ikaiondoa hiari hiyo. Ibn Abbas alisema aya haikufutwa, na kwamba inawahusu wazee wa kiume na wa kike wasioweza kufunga. Wanazuoni wengine hukieleza kitenzi hicho kuwa ni kuweza kwa taabu, kuweza kunakommaliza mtu nguvu. Ndiyo maana tafsiri mbili za Kurani kwa Kiswahili zinaweza kutofautiana mahali hapa, moja ikisema "wasioweza" na nyingine "wanaoweza kwa shida", bila mmoja wa wafasiri kuwa hajui Kiarabu. Kila mmoja amechagua kauli. Anayenukuu tafsiri katika makala au mtihani ataje ni tafsiri ya nani, ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969 au nyinginezo, asiseme tu "Kurani inasema".

Fidia hutajwa pia katika aya ya 196 ya sura hiyohiyo, kwa hujaji aliyelazimika kunyoa kabla ya wakati kwa maradhi au udhia kichwani. Huko ina namna tatu za kuchagua: kufunga, kutoa sadaka au kuchinja. Tazama kwamba katika aya hiyo kufunga kwenyewe ni fidia, kinyume cha matumizi tuliyoyazoea. Katika kufasiri kitabu cha hija, basi, usiandike "chakula" kila unapokutana na *fidya*.

Kibaba na pishi

Waislamu wengi wa pwani hii ni wa madhehebu ya Shafii, na kiasi kinachofundishwa ni *mudi* moja kwa kila siku. Mudi ni robo ya *saa* ya Madina. Wanazuoni wa Uswahilini hawakuyaacha maneno hayo yatange hewani: saa waliiita *pishi*, na mudi wakaiita *kibaba*. Ulinganisho ulikuwa mzuri mno, kwani pishi ya pwani ina vibaba vinne, kama saa yenye mudi nne, na katikati yake pana *kisaga* chenye vibaba viwili. Methali ya *haba na haba hujaza kibaba* inahusu kipimo hikihiki.

Kilicholingana ni mgawanyo, si uzito. Kibaba cha zamani cha pwani kilihesabiwa kuwa ratili moja na nusu, yaani gramu 680 hivi. Mudi ya Madina ikipimwa kwa ngano huwa chini ya hapo katika hesabu nyingi za Kishafii. Siku hizi wengi huihesabu pishi ya zakatulfitri kuwa kilo mbili na nusu, wengine kilo tatu kwa kujihadhari; kibaba chake kinakuwa gramu 625 au 750. Kwa bibi asiyefunga mwezi mzima wa siku 30, fidia yake ni vibaba 30, yaani pishi saba na nusu: kilo 18.75 kwa hesabu ya kwanza, kilo 22.5 kwa ya pili. Tofauti ni karibu kilo nne za mchele, na kwa nyumba inayonunua mchele kwa kupimiwa hilo si dogo.

Zaidi ya hayo, neno *kibaba* sokoni limelegea. Muuzaji wa leo hupima kwa kopo lolote, na kopo la genge moja si kopo la genge jingine. Mwandishi wa Kiswahili sanifu aandike *kibaba (robo ya pishi)* mara ya kwanza, na akitaka kutaja kilo aseme amefuata hesabu ipi. Kuandika "kilo moja" kwa ajili ya urahisi si kosa la kidini, kwani aliyezidisha ametoa sadaka juu yake, lakini ni kosa la tafsiri kama kitabu kinasema mudi.

Wahanafi, wanaopatikana katika miji ya Afrika Mashariki hasa miongoni mwa Waislamu wenye asili ya Bara Hindi, wao husema nusu pishi ya ngano, au pishi nzima ya shayiri au tende, na wanaruhusu kutoa thamani yake kwa fedha. Wamaliki hawaoni kuwa mzee asiyeweza amelazimika. Kwao ni jambo la kupendeza. Matangazo yanayopita katika simu yakitaja kiasi cha fedha kwa kila siku mara nyingi yametokana na kauli ya Kihanafi au ya wanazuoni wa sasa walioichagua. Mshafii wa Mtwara anayeuliza kwa sheikh wake huenda akaambiwa atoe nafaka. Mfasiri hana kazi ya kuwapatanisha, ila ana kazi ya kutoyachanganya maneno yao: usimtie Imamu Shafii kinywani neno *fedha* ambalo hakulisema.

Chakula gani, pale ambapo chakula ni muhogo?

Kauli ya Kishafii ni kwamba mudi itoke katika *chakula kikuu cha mji*. Mwanafunzi wa Dar es Salaam huandika *mchele* na kwenda zake. Kusini hakuna wepesi huo. Muhogo ni nguzo ya chakula cha Mtwara. Hukaushwa kuwa makopa, husagwa unga, hupikwa ugali, na wakati wa uhaba hata ming'oko ya porini huchimbwa. Ukiuliza chakula kikuu ni nini, jibu la ukweli katika nyumba nyingi ni muhogo.

Lakini vitabu vinapofafanua chakula hicho, vinakiunganisha na jinsi inayofaa zakatulfitri, na hiyo kwa asili ni nafaka na mfano wake, vitu vinavyohifadhika na kupimika kwa pishi. Mizizi haimo katika orodha yao. Tena wanataka punje nzima, si unga. Kwa hiyo katika mazingira ya Kilambo maneno *chakula kikuu* yakifasiriwa kimtindo wa kijiografia yatampeleka msomaji kwenye makopa, na yakifasiriwa kifiqhi yatampeleka kwenye mchele, mahindi au mtama. Tunapendelea *nafaka kuu ya mji*. Ni finyu kuliko maneno ya Kiarabu, nakiri, ila inamfikisha msomaji pale waandishi wa vitabu hivyo walipokusudia. Anayefasiri wanazuoni wa sasa wanaoruhusu kila kilacho watu abaki na *chakula kikuu*.

Ipo pia njia ya kumpikia maskini akala akashiba. Inapokewa kwamba Anas bin Malik alipozeeka aliacha kufunga mwaka mmoja au miwili, akawa anamlisha maskini mkate na nyama kila siku. Hapo kitenzi kinachofaa ni *kulisha* au *kufuturisha*, na *kugawa* kibakie kwa nafaka mbichi.

Hali nne

Vitabu vya mwanzo vinavyosomeshwa madrasani, *Safinat al-Najaa* kikiwa mashuhuri kati yavyo, hupanga kutofunga kwa mafungu manne, nayo ni msaada mkubwa kwa mfasiri kwa kuwa kila fungu lina jozi yake ya maneno. Kwa kifupi: kuna anayelipa funga na kutoa fidia, anayelipa funga tu, anayetoa fidia tu, na asiyedaiwa lolote.

La mwisho ni la mwendawazimu ambaye wazimu wake haukutokana na kosa lake, na halina la kuzungumza. La tatu ni la mzee aliyedhoofika na mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Kwa kauli yenye nguvu ya Kishafii, hata akija kupata nafuu baadaye hatakiwi kufunga siku alizozitolea fidia, kwani tangu mwanzo alichoamrishwa ni fidia. Kwa hiyo si sahihi kuieleza fidia yake kuwa ni *malipo ya muda*.

Fungu la pili lina wengi: mwenye hedhi, mgonjwa atakayepona, msafiri. Msafiri wa Kilambo anastahili neno moja. Kuvuka Ruvuma kwa kivuko na kupigwa muhuri katika pasipoti hakumfanyi mtu msafiri wa kisheria. Kinachohesabiwa ni masafa, nayo kwa Washafii ni kilomita 80 na ushei. Anayetoka Mtwara mjini mpaka Kilambo hajafika hapo, wala anayevuka kwenda kwa shemeji yake kijiji cha ng'ambo. Anayekwenda Mocímboa da Praia amefika. Mpaka wa nchi na mpaka wa safari ni vitu viwili, na neno *safari*, ambalo kwa Kiswahili hutosha hata kwa kwenda gulioni, halipaswi kuachwa peke yake katika tafsiri ya fiqhi. Ongeza *ya masafa*.

Fungu la kwanza ndilo lenye kukosewa. Humo yumo mjamzito au anayenyonyesha aliyekula kwa kumhofia mtoto peke yake: atalipa funga na kutoa kibaba kwa kila siku. Akijihofia nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, analipa funga tu. Tofauti yote imo katika maneno *peke yake*, na tumeona tafsiri zilizoyaacha kwa kudhani ni ziada. Yumo pia aliyekuwa na uwezo wa kulipa akachelewesha bila udhuru mpaka Ramadhani nyingine ikamkuta. Huyu kwa Washafii hutoa kibaba kwa kila siku juu ya kulipa funga, na kwa kauli sahihi zaidi fidia hurudiwa kwa kila mwaka unaopita. Aliyedaiwa siku saba, Ramadhani mbili zikampita, atafunga siku saba na kutoa vibaba 14, ambavyo ni pishi tatu na nusu. Wahanafi hawamtozi chochote zaidi ya kufunga. Kwa fidia ya kuchelewesha sifa ya *faini* inakaribia kufaa. Kwa ile ya mzee haifai hata kidogo.

Hapa pia ndipo panapozaliwa dhana kwamba mwenye pesa anaweza kununua ruhusa. Mvuvi, au mpakuzi wa korosho anayeona kazi ni nzito, hana katika mafungu haya manne mlango wa kulisha badala ya kufunga hali ana afya yake. Msemo *kununua funga* uliosikika hapa na pale ni wa mzaha, na kamusi ikiuingiza iuweke alama ya mzaha.

Kuhusu marehemu aliyekufa na deni aliloweza kulilipa, ndani ya madhehebu ya Shafii kuna kauli mbili: ya zamani, kwamba walii wake anaweza kumfungia, na mpya, kwamba hutolewa kibaba kwa kila siku kutoka katika mali aliyoiacha. Imamu Nawawi aliipa nguvu ile ya zamani kwa sababu ya hadithi iliyosihi. Kiswahili kinazitofautisha vizuri kwa kauli ya kutendea: *kumfungia marehemu* na *kumtolea marehemu fidia*.

Majirani wa neno

*Kafara.* Katika fiqhi ni kitu kizito kuliko fidia. Aliyeharibu funga ya mchana wa Ramadhani kwa tendo la ndoa anatakiwa kumwacha huru mtumwa, asipoweza afunge miezi miwili mfululizo, asipoweza alishe maskini 60. Kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza hufunga siku tatu. Fidia inamhusu zaidi mwenye udhuru, kafara inamhusu mwenye kuvunja. Kuna tofauti nyingine ya kiutendaji: vibaba vya fidia vya siku nyingi vinaweza kupewa maskini mmoja, ilhali maskini 60 wa kafara lazima wawe watu 60. Tatizo ni kwamba katika Kiswahili cha mitaani *kafara* imehamia kwenye mnyama anayetolewa kuondoa balaa, na kutoka hapo kwenye mtu anayebebeshwa makosa ya wengine (*amefanywa kafara*). Ukiandika *atoe kafara* bila maelezo, msomaji wa leo ataona kuku mweusi. Andika *kafara ya kuvunja funga, kafara ya kiapo.*

*Dia.* Malipo ya damu, yaani ya roho au kiungo. Linasikika kama mkato wa *fidia* lakini mzizi wake wa Kiarabu ni mwingine. Kamusi za zamani zilizoipa *fidia* maana ya mali ya kuokoa roho zimeyasogeza maneno haya mawili, na wanafunzi huyachanganya.

*Fitri.* Huenda kwa maskini kama fidia na hupimwa kwa pishi, lakini ni ya kila mtu, aliyefunga na asiyefunga, na wakati wake ni kumalizika kwa Ramadhani. Fidia ya mzee haitolewi kabla ya Ramadhani kuingia. Hutolewa kwa kila siku iliyoingia au baada ya mwezi kwisha.

*Kifuta jasho, kifuta machozi.* Haya si ya dini, ila yanafaa kutajwa kwa kuwa ni ya maeneo hayahaya yanayopitiwa na tembo. Serikali ya Tanzania, chini ya kanuni za mwaka 2011 za uharibifu wa wanyamapori hatari, humpa mkulima aliyeliwa mazao kifuta jasho, na familia ya aliyeuawa kifuta machozi, nayo husisitiza kwamba hizo si fidia. Msisitizo huo una sababu za kisheria, kwani fidia hudaiwa na mkono wa pole haudaiwi. Ni ushahidi kwamba wazungumzaji bado wanalisikia katika *fidia* neno la wajibu, si la hisani, na kwa hiyo *fidia* ya funga nayo isifasiriwe *sadaka* tupu.

*Maskini.* Aya imesema maskini, na wanazuoni wakamjumuisha *fakiri*. Wapokeaji wengine wa zaka, kama mwenye madeni au msafiri aliyekatikiwa, hawamo. Ukipishana katika maandishi kati ya *maskini, wahitaji* na *wasiojiweza* ili kupamba lugha, utakuwa umewaingiza watu ambao sheria haikuwataja. *Wasiojiweza* ni hatari zaidi, maana katika mlango huu asiyejiweza huenda akawa ndiye mtoaji.